Waja leo, waondoka leo

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: mji mdogo wa pwani ukipata fedha za mradi mmoja mkubwa, je, uwanja mpya wa mpira ufukweni ndio utakaoamsha katikati ya mji iliyolala? Mimi ni mtu wa Tanga, nina duka la vifaa vya shule na fotokopi mjini kati, kwa hiyo mmenigusa penyewe. Jibu langu ni hapana. Ila nadhani mmeuliza swali la pembeni. Mimi ningeuliza: nani atakuja mjini siku ambayo hakuna mechi?

Sisi uwanja tunao tayari. Mkwakwani uko mjini hapo hapo, na kutoka pale hadi baharini ni mwendo wa miguu. Ni mali ya CCM, kama Kirumba ya Mwanza na Sokoine ya Mbeya. Msimu wa 2015/16 tulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Zote tatu zikashuka kwa mpigo, na Coastal ndio waliorudi, msimu wa 2018/19. Sasa niambieni, ni duka gani lililofunguliwa mjini kwa sababu tulikuwa na timu tatu, na lipi lilifungwa ziliposhuka? Mimi niko hapa siku zote na sikuliona. Kilichotulaza ni mkonge kuporomoka bei nailoni iliposhika soko, viwanda kufungwa kimoja kimoja, cha mbolea kikiwemo, kisha stendi ya mabasi kuhamia Kange, nje ya mji. Abiria wa Dar akishuka Kange anapanda bajaji moja kwa moja hadi Makorora au Mikanjuni kwa ndugu zake. Mjini kati hana cha kumpitisha.

Hapo ningeweka kalamu chini, ila kuna wiki moja inanibishia.

Agosti 2023 shirikisho la soka, TFF, walileta Mkwakwani Ngao ya Jamii, kombe la kufungulia msimu, timu nne: Simba, Yanga, Azam na Singida Fountain Gate. Mechi ya kwanza ilikuwa Jumatano tarehe 9, fainali Jumapili tarehe 13. Jumatano asubuhi nilifungua duka bila matumaini, maana shabiki hasafiri kutoka Dar kuja kununua daftari. Kabla ya saa nne akaingia kijana wa jezi nyekundu, akaniamkia vizuri, akauliza, "Mzee, naomba soketi, simu imezima." Nikamchomolea mashine ya fotokopi. Akarudi na wenzake. Mchana nikanunua ekstensheni mbili, na kaunta yote ikawa simu tupu, kila moja na kikaratasi cha jina la mwenyewe nilichokata kwenye fotokopi zilizoharibika. Shilingi 500 kwa simu. Mke wangu akaleta ndoo ya juisi ya ukwaju ikaisha kabla barafu haijayeyuka. Fundi cherehani jirani yangu akawa anabana jezi za watu walionunua saizi kubwa kwa pupa. Dada anayekaanga mihogo pale kona alimaliza muhogo wake mapema, akamtuma mwanawe soko la Mgandini kwa bodaboda kufuata mwingine, na huo ulioletwa ulikuwa mchungu lakini waliula, wakaongeza na pilipili.

Gesti zilijaa, wengine wakalala kwenye mabasi waliyokodi. Wazee wanne wa Yanga, watu wazima wenye adabu zao, waliniomba stoo, nikawatandikia mikeka kati ya maboksi ya karatasi. Ijumaa mmoja wao akaniuliza, "Ndugu yangu, bahari iko upande gani? Tunasikia Tanga Tanga, siku ya tatu hatujaona maji."

Nilicheka, kisha nikashindwa kumwelekeza. Ukitokea dukani kwangu, kabla ya bahari kuna maofisi, kuna uzio wa bandari, kuna magofu ya majengo ya Wajerumani ambayo mgeni hawezi kujua kama anaruhusiwa kupita pembeni yake. Nikafunga duka nikawapeleka mwenyewe hadi bustani ya Jamhuri, karibu na ule mnara wa saa. Walipoona bandari iko chini yao wakanyamaza kidogo, kisha wakatafuta cha kula. Jioni ile palikuwa na muuza kahawa mmoja tu, na birika lake na kisahani cha kashata. Wazee wale waligombania kashata kama watoto wa madrasa. Mmoja akasema kwao Kigamboni kipande kama kile kingekuwa na pweza, mishikaki na muziki mpaka usiku wa manane. Nikamwambia huku watu wanalala mapema. Hakuridhika na jibu hilo, na mimi sikuridhika nalo.

Fainali yenyewe niliisikia kwa kelele tu, sikuwa na tiketi. Simba na Yanga, sare ya bila kufungana, kisha penalti, kipa wa Simba Ally Salim akapangua tatu, Simba wakabeba kwa 3-1. Mzee wangu wa bahari alikuja kuchukua simu yake akiwa kama ametoka msibani, akaondoka bila kulipa ile 500. Nilimwacha aende. Jumatatu yake mjini palikuwa kama ilivyokuwa Jumatatu ya kabla.

Basi ile hapana yangu imelegea, siwezi kusema uongo. Fedha ya wiki ile iliingia mkononi kwa muuza mihogo na fundi cherehani, haikusubiri mchakato wa mtu. Lakini angalieni kilichoileta. Ni uwanja wa zamani kupewa mechi kubwa, kama ulivyopewa fainali ya kombe la shirikisho ya Yanga na Azam mwezi Juni mwaka ule ule. Ni ratiba, si zege. Na ratiba inapangwa mbali na sisi: kwa AFCON ya 2027, kombe la mataifa ya Afrika, uwanja mpya umepelekwa Arusha. Kwa upande wa watu wa kila siku, mimi naona bandari imetusaidia zaidi tangu ichimbwe kina na meli kufunga gatini. Dereva wa lori anakula hata Jumanne isiyo na mechi.

Na ufukweni hasa? Uwanja wa mpira ni kitu kinachotazama ndani. Ukiuweka kwenye maji, unaipa bahari mgongo na uzio mwingine juu ya ule tulio nao.

Pamoja na yote hayo, mkinipa karatasi ya kura leo nitaandika ndiyo. Najua inagongana na nilichosema juu. Ni kwamba nimeishi vya kutosha kujua kuwa fedha ya uwanja ikikataliwa haigeuki kuwa bustani na vibanda vya pweza. Inageuka kuwa semina na posho. Uwanja angalau unabaki, na hata mkiukasirikia mnaweza kuushika.

Ila ndiyo yangu ina masharti. Kwanza waanze na Mkwakwani, na kama lazima iwe ufukweni, mwalo wa Deep Sea na wavuvi wake wasiguswe, na pawe na njia ya watu wote kando ya maji isiyo na lango. Pili, fremu za chini zitazame barabarani, zifunguliwe wiki nzima, na kodi iwe ya kumfaa yule dada wa mihogo. Mkizipangisha kwa mabenki mtakuwa mmejenga ofisi nyingine ya kufungwa saa kumi. Tatu, daladala zitoke Kange hadi mjini kati mpaka usiku, siku ya mechi na siku isiyo ya mechi. Hili la tatu likikosekana, hesabuni kura yangu kuwa hapana.