Nimwaminije Mungu Nikiwa Nimedhulumiwa?

SWALI: Mume wangu alifariki mwaka jana. Shemeji zangu wamelichukua shamba, na nyumba wameifunga. Nina watoto watatu. Nasali na kufunga, lakini wao ndio wanaozidi kustawi. Nikilia kanisani naambiwa nanung'unika. Nimemkosea nini Mungu?
Mjane, Iringa

JIBU: Pole sana, dada yetu. Hilo la manung'uniko lisikutese. Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa na kumdai Mungu majibu sura kwa sura. Rafiki zake walikaa naye chini siku saba bila neno, wakafanya vema. Waliharibu walipoanza kumtafutia dhambi. Katika Ayubu 42:7 Mungu anawakasirikia wao, na kusema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Basi lia. Unayemlilia ndiye unayemtumaini.

Ukikosa maneno, shika Zaburi 13. Ina mistari sita tu. Isome kwa sauti. Mistari miwili ya kwanza ni malalamiko, na "hata lini" imerudiwa mara nne. Simama hapo utaje yako: shamba, nyumba, sare za watoto. Wa 3 na wa 4 ni ombi. Omba jambo moja lililo wazi, mathalani shahidi wa mali zenu apate ujasiri wa kusema kweli. Tumaini linakuja mstari wa 5, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaurukia huo kwanza, wanashukuru kwa midomo huku kifua kimejaa, mwishowe sala inawachosha wanaiacha. Leo ukiishia wa 4, inatosha. Zaburi 88 inaishia gizani, na imo katika Biblia.

Kuhusu kustawi kwao, soma Zaburi 73. Asafu anakiri aliwaonea wivu waovu hata miguu yake ikakaribia kuteleza. Anageuka mstari wa 17, alipoingia patakatifu. Wao walikuwa bado wananawiri. Kwa hiyo usiache ibada, hata kama kuimba huwezi.

Lakini usiishie kanisani. Mjane wa Luka 18 alimwendea kadhi tena na tena: "Nipatie haki." Kusanya cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na muhtasari wa kikao cha ukoo, uende mahakamani kufungua mirathi. Shemeji wakikataa kuitisha kikao, nenda hivyo hivyo ukaeleze kwamba wamekataa. Kama mmoja wao ameshaomba usimamizi, una haki ya kuweka pingamizi. Msimamizi wa mirathi si mwenye mali: kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni na kuwagawia warithi. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 watakuongoza bila malipo. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itakuelekeza waliko. Na kabla ya hapo, usitie saini wala dole gumba kwenye karatasi yoyote utakayoletewa na ukoo, hata ikiletwa kwa upole na wakati wa msiba.