Jibu: Watazamaji wanasema "nzuri" tu, tutaandika nini kwenye ripoti?

Ndugu, umesema kikundi chenu kimemaliza video ya wimbo ya mradi wa chuo hapo Malindi, mmeituma kwenye magrupu ya WhatsApp, na majibu yote ni "nzuri sana", "mashallah" na vidole gumba. Mwalimu naye anataka mweleze mmejifunza nini kwa watazamaji. Nilipitia hayo Lamu nikiwa mwanafunzi, na nakujibu kwa kirefu kwa sababu sehemu hii ya mradi ilinifundisha kazi kuliko kamera yenyewe.

Hiyo "nzuri" ni adabu. Watu wa pwani hawamvunji moyo mtoto wa jirani mbele ya wenzake. Kwa hiyo usiulize kama wameipenda. Waache waitazame mara moja, halafu mwambie mmoja: "Hebu nisimulie kilichotokea." Kisha nyamaza, hata akisitasita. Atakusimulia hadithi aliyoiona yeye, na pale inapoachana na hadithi mliyokusudia ndipo penye kazi. Video ikiwa inaendelea, mmoja wenu akae ubavuni atazame nyuso, si kioo, na aandike dakika na sekunde: hapa amecheka, hapa ameshika simu yake, hapa amemuuliza mwenzake "huyu nani tena?" Daftari letu la namna hiyo lilikuwa na thamani kuliko fomu zote za maswali tuliyogawa.

Wimbo wetu ulikuwa wa mama anayemuaga mwanawe anayekwenda kufanya kazi jahazini. Ubeti wa mwisho mama amesimama gatini, mgongo kwa kamera, jahazi linajitenga taratibu. Tuliitegemea picha hiyo iwatoe watu machozi. Tukaenda kuwaonyesha akina mama mtaa wa Langoni, ndani ya nyumba, kompyuta juu ya stuli. Kufika hapo, chumba kizima kikaangua kicheko. Aliyeigiza mama alikuwa nasi, akainamisha kichwa, akidhani ni yeye.

Shangazi yake mwimbaji ndiye aliyetuita kando. "Wanangu, hiyo kanga yanena."

Mama alikuwa amejitanda kanga nyekundu, iliyochaguliwa ili ing'ae mbele ya bahari, na jina la kanga, yaani msemo ulioandikwa juu yake, limekaa katikati ya mgongo, herufi kubwa zinasomeka wazi: MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Kwa wanawake wale, huyo hakuwa mama anayeachwa na mwanawe. Alikuwa mtu anayewapiga majirani kijembe mchana kweupe, tena gatini, watu wakimwona! Wanaume waliotazama kabla yao hawakuigusa habari hiyo hata kidogo. Ndiyo maana nasisitiza msiishie kwa wanafunzi wenzenu. Mkiwaonyesha akina mama, mtafute anayewaingiza kwa heshima, na ikiwezekana wasichana wa kikundi ndio waketi nao. Watasema mengi zaidi.

Nafasi ya kupiga upya haikuwapo. Tulipekua picha zilizobaki tukapata moja ya uso wa mama kutoka mbele, ameukaza mdomo, ncha ya kanga ameishika kidevuni. Tukaiweka hiyo, jahazi likaonekana baadaye peke yake. Tulipowaonyesha akina mama wengine, hapakuwa na kicheko. Mmoja aliuliza, "Na amerudi huyo mtoto?" Swali hilo tuliliandika kwenye ripoti kama lilivyo, na sioni ushahidi bora kuliko huo kwamba mtu ameingia ndani ya hadithi.

Kumbuka kicheko kile kilituonyesha mahali tu. Sababu ilibidi tuitafute, na dawa tukaitunga wenyewe. Mtazamaji akikwambia "punguza hapa" au "ongeza rangi", pokea mahali alipopaonyesha, lakini usikimbilie dawa yake. Barazani vijana walilalamika kwamba midomo ya mwimbaji haifuatani na sauti. Mhariri wetu alikuwa tayari kuvunja kazi yote aipange upya. Kumbe sauti ilikuwa inapitia spika ya bluetooth, na bluetooth huichelewesha sauti. Ukiichomeka spika kwa waya, midomo inakaa sawa. Lakini msiipuuze lawama ya midomo: kwa vipimo vya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, mtu huanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, au ikichelewa kwa 125. Mkiwa mmehariri kwa fremu (zile picha moja moja zinazounda video) 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40. Yaani sauti ikitangulia kwa fremu mbili tu, jicho la mtu wa kawaida linaona, hata kama hana jina la kuliita kosa lenyewe.

Kama mmeipandisha YouTube, fungueni takwimu zake mtazame ule mchoro wa watazamaji wanaobaki. Hushuka mwanzoni kwa karibu kila video, hilo lisiwatishe. Tafuteni pale unapoporomoka ghafla katikati, na pale unapopanda, maana hapo kuna waliorudisha nyuma kutazama tena. Linganisheni na daftari lenu. Mahali pakitajwa na mchoro, na daftari, na watu wasiojuana, hapo hapana mjadala, patengenezwe. Na tazameni kwa simu ndogo, juani, kwa sababu wengi watawaona hivyo. Jahazi linalopendeza kwenye kompyuta, kwenye simu ni kipande cha ukucha.

Yapo maoni mtakayoyaacha, na ni haki yenu. Sisi tuliambiwa tuweke picha za droni, tukakataa: kuirusha Kenya kunahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na wimbo wenyewe ulitaka tukae karibu na mama, si kupaa angani. Lakini mzee mmoja wa jahazi pale Mkunguni aliposema, "Mwanangu, tanga lashushwa, chombo hicho chafika, hakiondoki," tulikwenda kukata kipande kile siku hiyo hiyo. Mtu aliyeishi ndani ya jambo unaloliimba anastahili kusikilizwa kabla ya mtu anayependa video tu.

Kwenye ripoti, kwa kila badiliko andikeni nani alitazama (umri na mtaa vinatosha, majina hayana haja), sekunde gani, alifanya au alisema nini, nyinyi mkaona sababu ni ipi, mkabadilisha nini, na mlipoonyesha tena ikawaje. Mlichokataa nacho kiwekeni, na sababu yake. Hizo "mashallah" za WhatsApp zinatosha sentensi moja.

Bado hamjakabidhi, kwa hiyo muda upo. Mafaili yote ya kamera yaacheni yalivyo, msifute hata picha mbovu. Mkianza kesho, anzeni kwa bibi au shangazi wa mmoja wenu, spika iwe ya waya, na mtuletee hapa alichokisimulia. Nitakaa nanyi tuipitie sekunde kwa sekunde.