Unataka Katiba Ibadilishwe? Andika Kifungu, Usiandike Malalamiko

Kila siasa inapopamba moto hapa Kenya, hakosekani mtu wa kusema Katiba ibadilishwe. Leo ni muhula wa rais, kesho ni idadi ya wabunge, kesho kutwa ni fedha za kaunti. Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya usaidizi wa kisheria huku Pwani, na kila wimbi la namna hiyo huniletea vikundi vya akina mama, vijana wa bodaboda na wazee wa mtaa wakiuliza swali lile lile: sisi nasi tunaweza kupendekeza?

Mnaweza. Katiba tuliyoipigia kura tarehe 4 Agosti 2010 ilimwachia mwananchi wa kawaida nafasi ya kuigusa, na nafasi hiyo imo kwenye Sura ya 16, Vifungu vya 255 hadi 257. Ila mapendekezo mengi ninayoyaona hufia njiani, na mara nyingi si kwa sababu wazo ni baya. Yameandikwa kama malalamiko. Bunge halipigii kura malalamiko, linapigia kura maneno yaliyoandikwa, na mahakama ikiitwa nayo itasoma maneno hayo hayo.

Kabla hujashika kalamu, hakikisha kosa liko kwenye Katiba yenyewe. Kikundi kimoja cha akina mama kilinijia na karatasi ya daftari yenye sentensi moja: "Tunataka Katiba iseme maji ni haki yetu." Nikafungua Kifungu cha 43(1)(d), nikawasomea kwamba kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama, tena ya kutosha. Nikafungua na Jedwali la Nne, ambapo huduma za maji zimekabidhiwa serikali za kaunti. Mama mmoja akaniuliza, "Kumbe ipo? Basi mbona mfereji mkavu?"

Swali lake ndilo lililostahili kuandikwa, na mahali pake palikuwa kwenye bajeti ya kaunti. Tukaiacha ile karatasi, tukaandika maoni ya kurasa mbili kwa ajili ya kikao cha umma cha bajeti: kijiji gani, bomba linakatikia wapi, watu wanateka maji wapi sasa. Hilo nalo ni jambo la kikatiba, maana Katiba inadai wananchi wasikilizwe. Nakuomba sana ufanye zoezi hili kwanza. Dawa ya sehemu kubwa ya kinachotuumiza imeshaandikwa, haijatekelezwa tu, na kuandika upya jambo ambalo halitekelezwi kunampa muda zaidi yule anayekwepa kulitekeleza.

Ukisharidhika kwamba kasoro imo kwenye Katiba, andika badiliko lenyewe. Tuseme unaamini kaunti zinapata kidogo. Usiandike "kaunti ziongezewe pesa". Tafuta mahali penyewe: Kifungu cha 203(2), kinachosema mgao wa kaunti usipungue asilimia 15 ya mapato yote ya taifa, kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Kitaifa. Kisha andika hivi: "Kifungu cha 203(2) kibadilishwe kwa kufuta maneno 'asilimia kumi na tano' na kuweka mahali pake maneno 'asilimia thelathini na tano'." Sentensi moja tu, na mtu yeyote ataona ulichofuta na ulichoweka. Kiwango hicho cha 35 kilikuwamo kwenye mswada wa Punguza Mizigo wa 2019, uliosukumwa na chama cha Thirdway Alliance, na pia kwenye ule wa BBI wa 2020, mpango wa Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wa kubadilisha Katiba, kwa hiyo si ndoto ya mtu mmoja.

Baada ya hapo soma Katiba yote tena kutafuta vifungu vingine vinavyoguswa. Katiba ni kama mkeka, ukivuta ukili mmoja, mwingine unalegea upande wa pili. Anayetaka kupunguza wabunge anafikiria Kifungu cha 97, lakini Kifungu cha 89 kimetaja maeneobunge 290, na hesabu ya thuluthi mbili ya jinsia, yaani kanuni kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya viti, nayo itasogea. Haya ukiyaacha, wapinzani wako watakutafutia.

Kuhusu njia, nitakwambia ninavyowaambia watu wetu. Iliyo rahisi kuliko zote ni ombi rasmi kwa Bunge chini ya Kifungu cha 119. Halihitaji sahihi milioni wala wakili. Linahitaji uandike vizuri, ulipeleke kwa karani wa Bunge, na nakala yako igongwe muhuri wa tarehe. Halikupi mabadiliko moja kwa moja, ila linaweza kukufikisha mbele ya kamati, na humo ndimo mbunge au seneta anaweza kulichukua wazo lako akalifanya mswada.

Njia ya pili ni ya Kifungu cha 256, mswada unaoanzia bungeni. Hapa idadi ndiyo mtihani. Inatakiwa thuluthi mbili ya wabunge wote wa kila bunge, yaani 233 katika Bunge la Kitaifa na 45 katika Seneti, waliokuja na wasiokuja wote wakihesabiwa. Mwezi Februari 2019 mswada wa kutimiza kanuni ya jinsia uliitwa, na waliokuwamo ukumbini walikuwa 174. Mswada wa wanawake wa nchi nzima ukaanguka kwa viti vitupu. Nilikasirika siku ile, na bado nina hasira. Kwa hiyo kama unaiunga mkono njia hii, kazi yako ni kumpigia simu mbunge wako na kumuuliza kama atakuwepo siku ya kura, maana kukubali kwake mdomoni hakuhesabiwi. Una muda pia: baada ya mswada kusomwa mara ya kwanza, lazima zipite siku 90 kabla ya kusomwa mara ya pili. Siku hizo ndizo za kupeleka maoni ya maandishi.

Njia ya tatu, ya Kifungu cha 257, ndiyo watu huipenda zaidi kwa kuwa ni yetu. Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya BBI tarehe 31 Machi 2022 ilisema wazi kwamba rais hawezi kuwa mwanzilishi wa njia hiyo. Ni ya wananchi. Na wananchi wakitaka kuitumia, wanahitaji angalau sahihi milioni moja za wapigakura waliosajiliwa.

Rudia hayo maneno: wapigakura waliosajiliwa. Okoa Kenya, kampeni ya upinzani ya kubadilisha Katiba, ilipeleka sahihi zaidi ya milioni moja, na mwaka 2016 Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ikasema zilizokubalika ni 891,598. Anayekaa ofisini anaweza kushangaa. Aliyewahi kusimama stendi na fomu hashangai. Kijana anakuja na kitambulisho kipya, anajaza safu zote kwa mwandiko safi, ukimuuliza alijiandikisha kura kituo gani anacheka: hajawahi. Muuza samaki anasaini huku mkono unachuruzika maji, wino unatapakaa na nambari ya kitambulisho haisomeki. Mwingine anakuomba mstari wa pili: "Nimsainie na mume wangu, yuko baharini." Jibu ni moja tu, "La, dada, tumsubiri arudi," hata kama nyuma yake kuna foleni na wewe una haraka.

Mtu anayekusanya sahihi awe na maswali mawili mdomoni kila mara: umejiandikisha kupiga kura? Jina lako kwenye sajili limeandikwa hivi hivi? Kisha asome nambari ya kitambulisho kwa sauti, mwenyewe akiitazama. Ni kazi ya polepole, na ndiyo itakayookoa fomu zako. Msilenge milioni moja kamili, ongezeni akiba ya kutosha. Na msimlaumu anayerudisha kitambulisho mfukoni. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua wameandikishwa kwenye vyama vya siasa bila idhini yao, na hofu hiyo ni ya haki. Mwambie nambari yake inakwenda wapi, nani ataiona, na umpe nafasi ya kusoma kifungu chenyewe kabla ya kalamu kufika karatasini.

Hapa ndipo pendekezo fupi linapokuokoa. Kifungu kimoja unaweza kukieleza stendi kwa dakika mbili. Mswada wa kurasa nyingi haueleweki kwa yeyote, na mtu akishasaini asichokielewa, uungaji mkono wake hautadumu. Tena mkishatoa andiko kwa umma, msilichomekee kitu kipya. Maeneobunge 70 ya ziada yaliyowekwa kwenye Jedwali la Pili la BBI ndiyo Mahakama ya Juu iliyoyakataa kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa.

Tume ikithibitisha sahihi, mswada unakwenda kwenye mabunge yote 47 ya kaunti, nayo yana miezi mitatu. Unahitaji angalau 24. Punguza Mizigo ilithibitishiwa sahihi 1,222,541 na bado ikakwama papo hapo. Kwa hiyo wawakilishi wadi waanze kuzungumzishwa wakati sahihi bado zinakusanywa, si baada ya karatasi kuwafikia. Mwakilishi wadi anakaa mtaani kwenu, mnakutana naye msibani na harusini. Mpe nakala ya ukurasa mmoja, umweleze wadi yake inapata nini, kisha umuulize mbele ya watu atapiga kura gani.

Ukivuka hapo, Bunge la Kitaifa na Seneti hupitisha kwa wingi wa wanachama wake. Pendekezo likigusa mambo ya Kifungu cha 255, kama muhula wa rais, haki za msingi, uhuru wa mahakama au muundo wa ugatuzi, lazima liende kwenye kura ya maamuzi: wengi waseme ndiyo, na katika angalau nusu ya kaunti wajitokeze asilimia 20 ya wapigakura au zaidi. Hesabu hiyo inamaanisha huwezi kushinda ukiwa na watu wako wa eneo moja tu. Tafuteni wenzenu wa Turkana, Kisii na Mandera mapema, muwatumie rasimu ingali mbichi, na wakisema neno fulani kwao halikai sawa, lifuteni muandike lingine pamoja nao.