Mnaoanza kuteleza kwenye barafu, jifunzeni makali kwanza

Watoto wanaojiunga na klabu za kuteleza hapa Uswidi huwa na swali moja: nitaruka lini? Nimefundisha wanaoanza kwa miaka mingi na jibu langu ni lile lile. Utaruka ukishajua umesimama juu ya nini.

Geuza kiatu utazame chuma. Katikati kuna mfereji mwembamba, na kila upande wake kuna makali: ya ndani na ya nje. Mchezo wote umo humo. Chukua mruko wa Salchow, ambao utafundishwa mapema. Unaondoka kinyumenyume kwa makali ya ndani ya mguu mmoja, mguu wa pili unauzungusha mbele ukupandishe, kisha unatua kwa huo wa pili, makali ya nje, bado kinyumenyume. Asiyemudu makali hayo hujirusha kwa mabega, na anayeumia ni goti.

Ulrich Salchow, Mswidi, aliuonyesha mruko huo mashindanoni mwaka 1909. Alikuwa bingwa wa dunia mara 10 kati ya 1901 na 1911, na alitwaa dhahabu ya Olimpiki London mwaka 1908. Enzi hizo alama nyingi zilitokana na michoro ya lazima: mchezaji anachora maduara kwa chuma, waamuzi wanainama kukagua mistari iliyobaki kwenye barafu. Michoro hiyo iliondolewa katika mashindano ya kimataifa baada ya 1990. Naamini tulipoteza kitu kikubwa, ndiyo maana wanafunzi wangu bado wanachora maduara kila mazoezi, watake wasitake.

Na shule msiiache. Gillis Grafström, mzaliwa wa Stockholm, alikuwa msanifu majengo, na bado alishinda dhahabu tatu za Olimpiki mfululizo: 1920, 1924 na 1928. Mwaka 1932, akiwa na miaka 38, alipata medali ya fedha. Mzazi akiniambia mtoto hawezi kushika vyote viwili, huyo ndiye ninayemtaja.

Kule Antwerp mwaka 1920 chuma chake kilivunjika, ikabidi akatafute kingine mjini. Kwa hiyo tunzeni vifaa. Kamba zilegee kidogo vidoleni, zikaze kwenye kifundo. Ukitoka barafuni vaa vikinga vya plastiki, lakini usivihifadhi viatu ndani yake: unyevu unabaki na chuma kinashika kutu. Futa kwa kitambaa kikavu mpaka kwenye skrubu, kisha vifunike kwa vikinga vya kitambaa. Tena, usinoe siku ya kuamkia mashindano. Chuma kilichotoka kunolewa kinang'ata barafu kuliko ulivyozoea, na mguu unahitaji mazoezi kadhaa kabla ya kukiamini.