Regyuleta imekufa, au umeme haujaifikia?

Maswali ya safari hii yametoka kwa wenye mashine za zamani za pinboli, zile za mpira wa chuma na viboko viwili, na kwa mafundi redio wanaoletewa kuzitengeneza.

*Fundi, shikamoo. Kaka ana pinboli ya Williams ya miaka ya 1990 kwenye baa. Mteja akibonyeza viboko vyote viwili, inazima na kujiwasha upya. Tumebadilisha regyuleta ya volti 5, bado. (Nkuhungu, Dodoma)*

Marahaba. Regyuleta hiyo, LM323K, yaani kifaa cha kutuliza volti, mmeionea bure. Viboko vikivuta pamoja, koili zinakula umeme mwingi kwa ghafla na volti za transfoma zinashuka. Regyuleta inataka kuingiziwa kama volti 7.5 ndipo itoe 5 iliyotulia. Ikikosa, inayotoka nayo inashuka, na kwenye bodi ya kompyuta kuna kichipu cha ulinzi: ikifika 4.6 kinaizima mashine na kuianzisha upya.

Kwa hiyo rudini nyuma yake. Pimeni rektifaya inayogeuza AC kuwa DC, kisha kapasita kubwa ya kuhifadhi chaji, ya mikrofaradi 15,000. Hapa pana jambo linalotuhusu sisi hasa: mashine hizi zilibuniwa Chicago, ambako umeme ni hezi 60. Wetu ni hezi 50, na kapasita inajazwa mara 100 kwa sekunde badala ya 120. Kila mara inabeba mzigo peke yake kwa muda mrefu zaidi, hivyo iliyochoka inajifichua mapema huku kwetu. Tazameni pia pini za konekta: plastiki ikigeuka kahawia, mguso umeshaharibika. Na hakikisheni transfoma imefungwa kwa volti ngapi. Ikiwa imefungwa kwa 240 na jioni umeme wa mtaani unashuka hadi 210, mnaanza mkiwa na upungufu.

*Nimeweka 7905 mahali ilipokuwepo 7905, nikaibana kwenye bati la kupozea pamoja na 7805. Fyuzi inakatika. (Kondoa)*

7805 ni regyuleta ya volti chanya 5, 7905 ni ya volti hasi 5. Mgongo wa 7805 ni ardhi, lakini wa 7905 ni mguu wa kuingizia umeme. Ukizibana bati moja bila karatasi ya maika na bushi ya skrubu za kuzuia umeme usipite, umeunganisha hivyo viwili. Miguu pia haifanani: 7805, maandishi yakikutazama, ni kuingia, ardhi, kutoka, 7905 ni ardhi, kuingia, kutoka.

*Naweza kutumia vibodi vya kisasa visivyochemka badala ya LM323K? (Kongwa)*

Unaweza, na nakuunga mkono. Regyuleta ya zamani ikiingiziwa volti 12 na kutoa 5 kwa ampea 2, wati 14 zote zinaishia kuwa joto, na joto hilo ndilo linalokausha kapasita za jirani. Ila chagua kibodi cha volti 5 isiyobadilika. Chenye skrubu ya kurekebishia kikiguswa kwa bahati mbaya kinaweza kupeleka volti 8 kwenye chipu zinazostahimili 5.25, na chipu hizo huzipati madukani Dodoma.

*Nikichomoa plagi, naweza kushika bodi mara moja? (Mpwapwa)*

Hapana. Kwenye pinboli za Bally za mwishoni mwa miaka ya 1970, skrini za namba hutumia volti 190 hivi, na kapasita yake hubaki na chaji. Shusha chaji kwa rezista, kisha pima. Ikisoma karibu na sifuri, shika pasi yako ya kuchomelea.