Mtafiti anataka kutuhoji kuhusu ugonjwa wa baba: tukubali?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni msomaji wenu wa Makambako, na ninamuuguza baba yangu mzazi mwenye umri wa miaka 61. Alianza kwa kuponyokwa na jembe, kisha mkono wa kulia ukaisha nguvu. Tukadhani ni kiharusi, na wapo ndugu waliosema amerogwa. Baada ya kuzunguka hospitali kadhaa tuliambiwa kwamba ni ugonjwa wa niuroni za mwendo, ambao madaktari huuita kwa kifupi MND, na kwamba hauna dawa ya kuuponya. Siku hizi ulimi wake umekuwa mzito na hupaliwa kila anapokunywa chai. Sasa amekuja mtafiti akiomba kutuhoji, baba na mimi, juu ya maisha yetu na ugonjwa huu. Kaka zangu wamekataa, wakisema kwamba maneno hayaponyi na kwamba watu wanataka kujinufaisha kwa shida zetu. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, binti yetu, na pole sana kwa kuuguza.

Kaka zako wamesema kweli katika jambo moja: mahojiano hayo hayatamponya baba. Ugonjwa huu huua chembe za neva katika ubongo na uti wa mgongo zinazoendesha misuli, na wagonjwa wengi huishi miaka miwili au mitatu tangu dalili za kwanza, ingawa wapo wanaoishi zaidi ya hapo. Dawa ya riluzole, iliyoanza kutumika miaka ya 1990, huongeza miezi michache tu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tiba ni matunzo yenyewe, yaani jinsi mgonjwa anavyokula, anavyopumua, anavyolala na anavyoeleweka anaposema, na katika mambo hayo anayejua zaidi ni yule anayelala chumba kimoja naye.

Chukua mfano wa usingizi. Daktari humwona baba asubuhi, akiwa ameketi wima, kwa dakika chache. Wewe ndiye unayejua kwamba hushtuka usiku akitweta, huamka kichwa kikimuuma, na mchana husinzia sahani ikiwa mbele yake. Dalili hizo huashiria kwamba misuli ya kupumulia imechoka na kwamba hewa chafu hubaki mwilini wakati wa usiku. Watafiti wa Newcastle, Uingereza, walionyesha mwaka 2006 kwamba mashine ya kusaidia kupumua kwa barakoa huongeza maisha na kuyafanya yawe na nafuu zaidi, hasa kwa wagonjwa ambao misuli ya koo haijaathirika sana. Lakini mashine haiwezi kuagizwa kwa wakati unaofaa endapo hakuna aliyemuuliza mwuguzaji habari za usiku.

Ndiyo sababu wenzetu waliamua kuyachukua maneno ya wagonjwa kuwa ushahidi. Huko Oxford, pia Uingereza, madaktari Ann McPherson na Andrew Herxheimer, ambao wote wawili walikuwa wameonja kuwa wagonjwa, walianzisha mradi ambao mwaka 2001 ulianza kuweka hadharani simulizi za wagonjwa zilizorekodiwa kwa video, na baadaye simulizi za wenye MND na wanaowauguza ziliongezwa. Simulizi za namna hiyo huonyeshwa kwa wahudumu wa hospitali, ambao husikia jinsi habari mbaya ilivyotolewa koridoni, au jinsi familia ilivyotumwa kliniki tano kwa siku tano tofauti. Mwaka 2016 Uingereza ilitoa mwongozo wa kitaifa wa kuwahudumia wagonjwa wa MND, na katika kamati za miongozo ya namna hiyo wagonjwa na wanaouguza huketi pamoja na wataalamu. Mwongozo huo unataka timu moja ya wataalamu imwone mgonjwa kwa pamoja na mara kwa mara, na unataka mahitaji ya anayeuguza nayo yaulizwe. Kuhusu timu ya pamoja, utafiti wa Ireland wa mwaka 2003 ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba wagonjwa waliohudumiwa hivyo waliishi miezi kadhaa zaidi ya wenzao.

Sasa njoo Makambako. Waliohojiwa Oxford hawakuzungumzia choo cha nje usiku wa baridi ya Julai, kitimwendo kinachokwama kwenye matope, nauli ya kwenda Mbeya kwa mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye kiti cha basi, wala umeme unaokatika wakati mashine inategemewa. Wala hawakujua kwamba parachichi lililopondwa ni laini, lina nguvu nyingi na lipo tele hapo kwenu. Familia za Nyanda za Juu Kusini zisipohojiwa, miongozo itakayotufikia itaandikwa kwa ajili ya nyumba nyingine. Kwa maoni yangu, kubalini.

Hata hivyo, kaka zako wana haki ya kudai uhakika. Mtafiti awaonyeshe kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) au kamati inayotambuliwa. Awasomee fomu ya ridhaa kwa Kiswahili. Aeleze nani atasikia sauti zenu, na kwamba mnaweza kuacha wakati wowote bila huduma ya baba kuathirika. Aeleze pia matokeo yatapelekwa hospitali gani. Mwamuzi wa kwanza awe baba mwenyewe, kwa kuwa kupotea kwa sauti si kupotea kwa akili. Wapo wagonjwa wanaobadilika fikra au tabia, lakini wengi huelewa kila kinachosemwa na wanaweza kujibu kwa macho au kwa kuonyesha herufi ubaoni. Wewe uombe kuhojiwa peke yako pia, kwa sababu kuna uchovu ambao mtoto hawezi kuutaja mbele ya mzazi wake.

Kupaliwa kusisubiri utafiti. Kinywaji chepesi huteleza na kuingia njia ya hewa kwa urahisi. Mpe uji mzito, kidogo kidogo, akiwa ameketi wima na kidevu amekishusha, kisha umpeleke hospitali mapema apimwe umezaji na uzito, na muulizie mpira wa kulishia kabla hajadhoofu.

SWALI: Mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya wilaya mkoani Mbeya. Hatuna watafiti. Je, tunaweza kujifunza kwa familia hizi sisi wenyewe?

JIBU: Mnaweza, mwenzangu, alimradi mganga mfawidhi ajue na siri za wagonjwa zitunzwe. Wakaribisheni watu wa familia mbili au tatu, hata kama wanauguza maradhi mengine yanayohitaji tiba shufaa, yaani matunzo ya kumpunguzia mgonjwa mateso pale ugonjwa usipoponyeka, kwa kuwa wenye MND ni wachache. Waombeni wasimulie siku moja ya kuja hospitali tangu walipotoka nyumbani hadi waliporudi, na wahudumu wasikilize bila kujitetea. Kisha chagueni pamoja nao jambo moja lililo ndani ya uwezo wenu, kama vile kuziweka miadi zote siku moja au kumpa kila familia namba ya simu ya muuguzi mmoja anayemfahamu mgonjwa. Baada ya miezi mitatu waiteni tena, na safari hii waulizeni ni lipi halijabadilika.