Hofu ya maumivu ambayo hayajaja: jibu kwa dada mwenye selimundu

Dada yangu, umeuliza kama ni kawaida kwa mtu mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kuamka usiku wa manane, mwili hauumi popote, huku moyo ukienda mbio kwa kuogopa maumivu ambayo hayajaja. Nimeishi na ugonjwa huu miaka 36, yote hapa Dar es Salaam, na ninakujibu kwa uhakika kwamba wenye hofu hiyo tupo wengi na kwamba inatibika.

Mimi ilinianza nikiwa kidato cha pili, baada ya kulazwa siku tisa kwa maumivu ya mgongo na mapaja. Nilirudi nyumbani nimepona, lakini tangu siku hiyo kila uchovu mdogo ulinifanya niamini kwamba yanarudi. Upepo wa kusi ulipovuma mwezi Juni nililala na sweta mbili. Nilipopata kazi nilikaa mbali na kiyoyozi, jambo ambalo ni sahihi kwetu kwa sababu baridi huchochea maumivu, ila nilikataa pia mialiko ya harusi kwa kuwa nilikwisha hesabu dakika za kutoka ukumbini hadi hospitali kama foleni ya Barabara ya Morogoro ingekuwa mbaya. Tahadhari ilikuwa imegeuka kifungo, na mimi niliendelea kuiita tahadhari.

Kilichonichanganya zaidi ni kifua. Hofu ikizidi, kifua hubana na pumzi hukatika, na selimundu nayo ina tatizo la hatari la mapafu linaloanza kwa dalili zinazofanana na hizo. Niliwahi kufika katika hospitali moja nikiwa nahema, nikaambiwa mbele ya watu kwamba ninajiendekeza, na kwa muda mrefu baada ya hapo niliogopa hata kwenda kutibiwa. Kwa hiyo nakuomba sana, usijaribu kubaini peke yako nyumbani. Homa ya nyuzi 38 na zaidi, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito ni mambo ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama mwisho wake utaambiwa ilikuwa hofu tu.

Daktari wa kliniki alinieleza kwamba msongo wa mawazo husababisha mishipa midogo ya damu kusinyaa, na seli zetu nyekundu za damu zilizojikunja kama mundu hupita kwa shida zaidi katika njia iliyobana, hivyo hofu yenyewe inaweza kuchangia maumivu. Nakiri kwamba mwanzoni maelezo hayo yalinifanya niiogope hofu. Baadaye niliyaelewa vizuri: kumbe wasiwasi wangu ulistahili kutibiwa kama sehemu ya ugonjwa, sawa na upungufu wa damu. Nilipoanza haidroksiyurea, dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu ya selimundu, maumivu yalipungua sana, lakini wasiwasi ulibaki palepale hadi nilipopelekwa kwa mwanasaikolojia.

Yeye alinipa daftari. Kila usiku nilipoamini kwamba kesho nitaumwa niliandika tarehe, na siku iliyofuata niliandika kilichotokea. Katika miezi mitatu niliandika usiku 27, na niliumwa mara mbili tu. Hakuna aliyenihubiria; niliyaona kwa mwandiko wangu mwenyewe, na nikaanza kulala.

Umegusia pia maneno ya ndugu, kwamba kuna aliyeiroga familia yenu. Ukweli ni kwamba wazazi wako kila mmoja alibeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuumwa, na katika kila ujauzito kulikuwa na uwezekano wa mmoja kati ya wanne wa mtoto kurithi vyote viwili. Kinasaba hicho kimeenea katika maeneo yenye malaria kama yetu kwa sababu anayekibeba kimoja hupata kinga dhidi ya malaria kali, jambo ambalo mtafiti Anthony Allison alilionyesha mwaka 1954 kwa utafiti wake wa Afrika Mashariki. Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na sijui ni mchawi gani angeweza kuzifikia nyumba zote hizo. Mama yangu alijilaumu miaka mingi, akawa ananigusa paji la uso kila usiku kupima joto, na naamini sehemu ya hofu yangu niliipokea kutoka katika ule mkono wake wenye upendo. Mzungumze na mama yako kuhusu hili.

Siku ya kliniki, kabla daktari hajaanza kusoma majibu ya wekundu wa damu, mwambie ni usiku mingapi kwa wiki hulali na ni mambo gani umeacha kufanya kwa kuogopa. Ukishindwa kutamka, andika kwenye karatasi umkabidhi. Mimi mara ya kwanza nilifanya hivyo, na aliisoma yote kabla ya kuniuliza lolote.